Morogoro Jazz Walivyoyapanga Magita

Santuri nyingi za Morogoro Jazz zina wimbo mmoja pande zote mbili. Upande wa kwanza limeandikwa jina la wimbo na namba 1, upande wa pili jina lilelile na namba 2. Sababu ni ya kiufundi. Santuri ndogo, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, hubeba dakika tatu hadi nne kwa kila upande, na ukumbini hakuna aliyekubali dansi limalizike kwa dakika nne. Bendi ililazimika kuchagua mahali pa kuukata wimbo. Ukitaka kujua ubora wa bendi hii, sikiliza walikata wapi.

Kwa kawaida walikata pale maneno yanapokaribia kwisha. Upande wa kwanza ulibeba kisa: shida ya maisha, mapenzi, msiba, ushauri. Ukigeuza santuri, magita yanafunguka, saksafoni inaingia, na sauti ya mwimbaji inabaki ya kuchochea tu. Kwa hiyo mtu mmoja alinunua santuri kwa ajili ya kisa na mwingine akainunua kwa ajili ya kucheza, na wote wawili wakaridhika.

Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa nyota wake, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, akaikuta ikiwa katika mji wenye ushindani mkali. Mjini humo ilikuwepo pia Cuban Marimba ya Salum Abdallah, bendi iliyokuwa imekwisha kuwafundisha watu wa Morogoro kuupenda mwendo wa Kikyuba. Salum alifariki kwa ajali mwaka 1965, na Juma Kilaza akaendelea na bendi. Bila ushindani huo sidhani kama Morogoro Jazz wangejisumbua kiasi kile.

Sasa tuyaingie magita yenyewe, maana hapa ndipo kazi ilipo. Mbaraka alikuwa mwimbaji na pia mpigaji wa gita la solo, na hilo lilimlazimisha kuacha nafasi. Mstari unaimbwa, unaachwa, gita linajibu. Halimfuniki mwimbaji hata mara moja. Linapojibu, hukaa kwenye nyuzi nyembamba, juu kabisa, mara nyingi noti mbili kwa pamoja zikipanda na kushuka sambamba, kama ndugu wawili wanaoimba wimbo wa nyumbani. Jibu lenyewe ni fupi. Likirudi baada ya mstari wa pili, linarudi limebadilika kidogo tu, na ndiyo maana hulichoki.

Chini yake kuna gita la rizimu, ambalo wasikilizaji wengi hulipita. Chukua dakika za mwisho za wimbo wowote, uzibe masikio yako kwa solo, ufuate rizimu peke yake. Utasikia kipande kifupi kinachojirudia bila kutetereka, hata solo inapopanda kiasi gani. Mpigaji wa rizimu akifuata tamaa ya kupamba, solo inakosa pa kusimama. Besi nayo haijazi kila pigo: inaunguruma, inanyamaza, inaunguruma tena, na ule ukimya ndio unaowapa wachezaji nafasi ya kuhamisha mguu. Vijana wengi wanaojifunza nyimbo hizi leo huanza na solo. Nawashauri waanze na rizimu, wakae nayo hadi mkono uzoee.

Mpango huu ulipimwa studio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nzima kwa mkupuo mmoja, wote wakipiga pamoja, kwa maikrofoni chache. Hakukuwa na kurudi baadaye kurekebisha gita la mtu mmoja. Mpulizaji akikosea, bendi yote inaanza upya. Uwiano wa sauti ulitengenezwa na wapigaji wenyewe: nani apige kwa nguvu, nani ajizuie. Wakati huohuo London, bendi ya soul kama The Foundations ilikuwa na Tony Macaulay, aliyeshiriki kuwatungia nyimbo zao kubwa na kuwasimamia studio. Morogoro kazi zote hizo, kutunga, kupanga na kusimamia, zilifanywa ndani ya bendi, na watu walioshinda wakisafiri kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine.

Kwetu Masanze, kwenye njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi, muziki huu ulifika kwa redio ya betri kuliko kwa santuri. Redio ndogo haitoi besi vizuri. Lakini solo ya juu na sauti ya utulivu hupenya hata kwenye spika duni, na nina hakika hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya wakulima wa mahindi na mpunga wazijue nyimbo hizi kwa moyo. Wimbo wa kumlilia Dk. Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa Desemba 1971, ulisikika vijijini kama habari na kama maombolezo kwa pamoja.

Mwaka 1970 bendi ilikwenda Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka, akaunda bendi ya Super Volcano na mtindo wa Masika. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo kazi zilichapishwa Nairobi, na wimbo wake "Shida" ukaifikia Afrika Mashariki yote. Januari 1979 alifariki Mombasa baada ya ajali ya gari, akiwa na miaka 34. Baadaye Polygram ya Kenya ilikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho, na huko Ujerumani kampuni ya Dizim ikatoa mkusanyiko wa Masimango.

Jina la Mbaraka limehifadhiwa na halitapotea. Waliompigia rizimu, besi, tumba na saksafoni hawakupata bahati hiyo, kwa sababu lebo ya santuri iliandikwa jina la wimbo, la bendi na la mtunzi tu. Kilosa, Kimamba na Mikumi wapo bado wazee waliocheza dansi hizi na wengine waliobeba vyombo. Kama babu au bibi yako ni mmoja wao, muulize nani alipiga nini, andika majina, na umrekodi kwa simu yako mwezi huu.