Udongo Ndani ya Makopo

Wiki moja kabla ya tarehe 26 Aprili, mwalimu wa shule ya msingi huanza kuhesabu karatasi za manila. Mara nyingi amezinunua kwa fedha yake. Gundi ataikoroga kwa unga wa muhogo.

Angeweza kukaririsha ngonjera tu, Sikukuu ya Muungano ikapita. Yeye huwataka watoto waje na udongo kwenye makopo, mwekundu na wa kichanga, wauchanganye chunguni kama Mwalimu Nyerere alivyochanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwaka 1964. Kisha huuliza: nani sasa atautenganisha? Darasa kimya. Halafu mikono inanyooshwa, kwanza miwili, kisha mingi.

Hapo hesabu huingia bila kupiga hodi. Rula hulazwa juu ya ramani, Dar es Salaam hadi Unguja, sentimita zikageuzwa kilomita. Wapaka rangi za bendera hugundua kwamba bluu ilitoka Zanzibar, na kijani na nyeusi zilikuwamo katika bendera za nchi zote mbili.

Siku ya sherehe, wageni wakishapiga makofi na kuondoka, yeye hubaki akifagia udongo sakafuni. Insha za darasa zima huzibeba kikapuni hadi nyumbani, azisome moja moja, kalamu nyekundu mkononi.