Malenga na Bahari Zake Mbili: Uhakiki wa Tungo za Hifadhi Visiwani

Katika fani ya ushairi wa Kiswahili neno bahari lina maana mbili. Kuna bahari ya maji, inayopwa na kujaa, na kuna bahari za utungo, yaani mikondo ambayo malenga huchagua kupitishia fikira zake: shairi, utenzi, ukawafi, wimbo na nyinginezo. Wazee waliotupa istilahi hiyo hawakuiokota njiani. Waliishi katika miji ambayo chombo kikitoka kaskazini kilileta tende, na kikirejea kilipakia boriti. Na mtu aliyejua kutunga alikuwa, mara nyingi, mtu aliyejua pia upepo wa siku hiyo unatoka wapi. Swali la makala haya ni dogo. Je, tungo zinazoandikwa sasa kwa ajili ya kuihifadhi bahari ya kwanza zimebaki kweli katika bahari ya pili, au zimekwama pwani maji yakiwa yamepwa?

Tungo hizo ni nyingi. Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, shule na vikundi hualikwa kughani. Kila mradi wa kupanda mikoko unapozinduliwa, malenga huwekwa katika ratiba, baina ya dua na hotuba ya mgeni rasmi. Hupewa mada, na mara nyingine hupewa hata maneno yanayotakiwa yasikosekane. Si jambo la aibu mshairi kutunga kwa kuombwa. Sehemu kubwa ya ushairi wa pwani ilitungwa kwa kuombwa: kwa harusi, kwa maziko, kwa jahazi jipya, kwa ugomvi wa mitaa. Ila aliyekuwa akiombwa zamani aliombwa na watu aliowajua, juu ya jambo aliloliona.

Ili asitajwe mtunzi yeyote kwa ubaya, ubeti ufuatao umetungwa kwa makusudi ya uhakiki huu tu, kwa mfano wa zile zinazosikika majukwaani:

Tuyatunze mazingira, ni hazina ya taifa,
Sote na tuwe imara, tuyalinde pasi ufa,
Mikoko ina ubora, bila yake tutakufa,
Kuikata ni hasara, mkataji hana sifa.

Mizani imetimia, nane kwa nane. Vina vya kati na vya mwisho havikuchechemea. Mwalimu wa arudhi hana pa kushika. Hata hivyo liondoshwe neno mikoko, liwekwe minazi, ubeti hautikisiki. Iwekwe misitu, bado umesimama. Hiki ni kipimo kizuri kwa mtu yeyote anayetaka kujua kama shairi limemgusa anayelisema: jina la kitu likibadilishwa bila ya kitu chochote kingine kuhitaji kubadilika, basi kitu hicho hakikuwamo. Ubeti huu hauna tope, hauna chumvi, hauna shoka. Una amri tu, na amri hiyo haimwambii mtu wa Chwaka au wa Micheweni jambo ambalo hajalisikia kwa bwana shamba.

Tatizo linaanzia kwenye msamiati. Neno mazingira ni neno zuri la Kiswahili, limetoka kwenye kuzingira, na kwa hivyo linamweka binadamu katikati na kila kitu kingine pembeni yake, kikimzunguka. Linafaa katika sera na katika kitabu cha darasani. Lakini hakuna mvuvi aliyewahi kutia ngarawa katika mazingira. Yeye huenda bandarini, huenda mwambani, huenda mkondoni, hungoja bamvua, hulalamikia maji mafu, huhesabu siku za kusi na za kaskazi. Kila neno katika hayo lina mahali pake na saa yake. Malenga anayeyaacha yote akashika lile moja la jumla amejipunguzia mwenyewe mali, tena mali ambayo hakuna mwengine wa kuitumia.

Au itazamwe mikoko yenyewe. Mtu wa jukwaani huiita yote kwa jina moja. Mtu wa pwani anajua kwamba mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, na kwamba mchu hutoa pumzi kwa vijiti vinavyochomoza topeni kama vidole. Anajua muia, anajua mkandaa ambao maganda yake hutolewa rangi, anajua mkomafi na tunda lake kubwa lisiloliwa. Anajua pia kwamba mbegu ya mkoko huanza kuota ingali imening'inia juu ya mama yake, ikashuka chini ikiwa tayari ni mche. Ni taabu kufikiri jambo linalomngojea mshairi kuliko hilo: mwana asiyeachwa mpaka amejua kusimama. Katika tungo za hifadhi, hata hivyo, halionekani mara nyingi. Badala yake tunakutana tena na hazina ya taifa.

Kuna jambo zito zaidi ya msamiati, nalo ni la haki. Ubeti ule wa mfano unamlaani mkataji. Ni nani huyo? Pwani yetu imejengwa kwa mikoko. Mapaa ya majumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Unguja na ya Lamu yamebebwa na boriti, na upana wa vyumba vyake, vile vyumba virefu vyembamba ambavyo wageni huvistaajabia, umefuata urefu wa boriti na si matakwa ya fundi. Lamu ilikuwa na majina kwa kila unene wa mti: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Kwa karne nyingi miti hiyo ilivuka hadi Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka uliofuata. Kwa hiyo tunahifadhi nyumba kwa mkono mmoja na kuhifadhi miti iliyozijenga kwa mkono wa pili, na mikono hiyo miwili haijapeana salamu. Fundi anayetakiwa kubadilisha boriti iliyooza katika nyumba ya urithi atazame wapi? Na yule anayechoma tanuu la chokaa ili nyumba hiyo hiyo ipakwe, kuni azipate wapi? Mwenye shoka topeni ndiye fukara kuliko wote katika mnyororo huo, na ndiye peke yake aliyepata ubeti wa kumtukana. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa mpaka karibu na mwaka 1840, alijulikana kwa ulimi uliowafikia wakubwa. Tungo za leo za hifadhi zinawaamkia wakubwa kwa heshima, kisha zinamgeukia mkata kuni.

Hapa ndipo panapofaa kukumbukwa kisa cha Misali, kisiwa kidogo kilichoko magharibi ya Pemba, ambako wavuvi wamekuwa wakipiga dago tangu enzi. Kisiwa na maji yake vilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2005 vikaingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba. Marufuku ya baruti, ya utupa na ya nyavu za macho madogo yalikuwapo kwa lugha ya sheria, na lugha hiyo ilisikilizwa kwa sikio moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo walipoletwa katika mazungumzo masheikh na walimu wa madrasa, na jambo lile lile likasemwa upya kwa maneno ambayo mvuvi aliyalelewa nayo: amana, ukhalifa wa binadamu katika ardhi, israfu, haki ya atakayekuja kesho. Waliofuatilia mpango ule walieleza kwamba wavuvi wengi waliyapokea maneno hayo kuliko walivyozipokea kanuni.

Mhakiki wa fasihi ana haki ya kukiangalia kisa hiki kwa jicho la kazi yake. Samaki walikuwa wale wale, na makatazo yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni usemi. Hii ni hoja nzito kwa wale wanaodhani kwamba mshairi katika shughuli za hifadhi ni pambo, mtu wa kuchangamsha hadhira kabla ya mambo ya maana kuanza. Ila isije ikachukuliwa kwamba kutia aya na hadithi katika utungo kunatosha. Wapo waliokwisha kufanya hivyo, na matokeo yake ni ubeti ule ule wa amri uliovalishwa kanzu. Misali ilikuwa na kitu cha ziada. Ilikuwa na hekaya. Wazee wa Pemba husimulia kwamba Nabii Hidhri alishuka pale, akawaomba wavuvi msala wa kuswalia, hawakuwa nao, akasema kisiwa chenyewe, kwa vile kimeelekea kibla, kitakuwa msala wake. Jina limetokana na hapo, kwa masimulizi ya wenyewe. Na kwa Kiswahili misali ni mfano vilevile. Kisiwa kimoja, jina moja, maana mbili, zote zimekaa pale kama lulu juu ya kiganja. Nani atakayerusha baruti juu ya msala? Swali hilo halikuhitaji kutungwa na mtaalamu yeyote; lilikuwa tayari limo ndani ya jina.

Katika karne iliyopita na hii, mmoja wa waliojua kuacha kitu kiseme ndani ya jina lake alikuwa Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021. Aliwahi kuwa mvuvi na baharia kabla ya kujulikana kwa kalamu, na shairi lake la kimbunga ndilo lililoipa jina diwani yake ya mwaka 1994. Umuhimu wake kwa mjadala huu hauko katika kwamba aliandika juu ya hifadhi. Uko katika kwamba upepo, kwake, una kazi. Bahari ni mahali mtu alipokwenda na kurudi, au hakurudi. Msomaji wa kisiwani akifika katika tungo zake hahitaji kuambiwa aipende bahari. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, katika Al-Inkishafi, alifanya mfano wa hilo kwa majumba: hakuwaambia watu kwamba dunia inapita, aliwatembeza katika magofu. Mtunzi wa leo anayetaka kulia juu ya mwamba uliovunjwa kwa baruti angeweza kujifunza kwake zaidi kuliko kwenye vipeperushi: awatembeze watu katika mwamba huo, chumba kwa chumba.

Maneno yapo tayari yanangoja. Neno hifadhi lenyewe lina upande ambao tungo za majukwaani hazijaugusa. Anayehifadhi Kurani ameiweka kifuani. Anayehifadhi ufuo ameuweka wapi? Utungo usiohifadhika, usioweza kusemwa na mtoto anaporudi chuoni, una uwezo gani wa kuhifadhi kitu kingine? Vivyo hivyo neno kufunga. Katika muongo wa 2010 baadhi ya vijiji vya Pemba na Unguja, Kisiwa Panza kikiwa miongoni mwake, vilianza kufunga sehemu za miamba ya pweza kwa miezi kadhaa kisha kuzifungua, kwa kuwa pweza hukua upesi na akiachwa kwa muda mfupi tu huongezeka uzito mara nyingi. Wanakijiji husema kufunga na kufungua. Hakuna Mwislamu wa pwani asiyesikia ndani ya maneno hayo saumu na futari: njaa iliyokubaliwa kwa hiari, pamoja, kwa siku zinazojulikana mwisho wake, na furaha ya siku ya kufungua ambayo haifahamiki kwa asiyefunga. Na jirani anayekula mchana kwa siri, yaani anayeingia usiku katika mwamba uliofungwa, ana jina lake tayari katika lugha: kobe. Kuna utenzi mzima hapo, na mzaha wake umo.

Kuna na pweza mwenyewe, ambaye methali humtaja tu kwa ujinga wa kujipalia makaa. Pweza jike hutaga mara moja katika maisha yake. Huyalinda mayai pangoni, hali, hatoki, na watoto wakishaanguliwa yeye hufa. Anayemchokoa akiwa pangoni amechukua mmoja na maelfu. Wanawake wanaoshuka mwambani na vijiti vyao maji yanapopwa sana wanalijua hilo kwa macho, na wakiwa njiani kurudi, ndoo kichwani, huimba. Diwani zetu zina manahodha wengi, zina wapenzi waliotenganishwa na mawimbi wengi zaidi; wanawake hao wamo kwa nadra, na wakiwamo hutazamwa kutoka mbali, wakiwa wameinama, kama sehemu ya mandhari. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, ambao tangu zao hilo lilipoanza kuuzwa nje mwaka 1989 wengi wao wamekuwa wanawake, wameona maji yakizidi joto na mwani wa thamani ukifa kwenye kamba. Nyimbo zao hazijakusanywa kama zilivyokusanywa za mabaharia. Mhariri anayetafuta tungo za hifadhi angefanya vyema kuziacha bahasha zilizoko mezani pake, akaangalia mwezi, akaenda Jambiani siku ya bamvua asubuhi, na kalamu.