Kisu cha Tutankhamun kilifuliwa vipi?

Mwaka 1925 Howard Carter alipofungua sanda za Farao Tutankhamun, aliyefariki takriban mwaka 1323 KK, alikuta kisu chenye mpini wa dhahabu na bapa la chuma. Wakati wa farao huyo Misri ilikuwa bado nchi ya shaba. Chuma huyeyuka kwa nyuzi joto 1,538, moto ambao tanuri zao hazikuufikia, na hata ufundi wa kupata chuma kutoka kwenye mawe kwa moto mdogo zaidi haukuwa umeenea kwao.

Basi chuma hicho kilitoka wapi? Jibu lilithibitishwa mwaka 2016. Watafiti wa Italia na Misri walilipima bapa hilo kwa eksirei bila kulikwangua, wakakuta nikeli karibu asilimia 11 pamoja na kobalti kidogo. Chuma cha ardhini cha zama zile hakina nikeli nyingi hivyo. Ni chuma cha kimondo.

Kupata malighafi ni jambo moja, kuifua ni jingine, na hapo ndipo ufundi ulipo. Mwaka 2022 watafiti wa Japani waliona kwenye bapa mistari inayopishana. Mistari hiyo hujengeka kimondo kinapopoa polepole mno angani kwa mamilioni ya miaka, na hufutika chuma kikipashwa moto kupita kiasi. Kubaki kwake kunaonyesha kwamba mhunzi hakuvuka nyuzi joto 950 hivi. Alipasha kwa kiasi, akagonga, akapasha tena. Subira hiyo kwangu ni kubwa kuliko nguvu ya moto wowote.

Lakini sifa zigawanywe kwa haki. Barua za Amarna, yaani barua za kidiplomasia za Misri ya kale, zinataja visu vya chuma kama zawadi kutoka kwa mfalme wa Mitanni kwenda kwa Farao Amenhotep III, hivyo kisu hiki huenda kilitoka huko. Kazi ya Wamisri wenyewe tuitafute kwenye makaburi ya Gerzeh, Misri, katika shanga 9 za mwaka 3200 KK hivi. Wahunzi waligonga chuma cha kimondo kikawa bati jembamba, kisha wakalikunja kuwa mrija. Shaba ungeweza kuimimina kwenye kalibu. Hapa ilibidi kujifunza ufuaji upya, maana kukunja bati gumu bila kulipasua kunahitaji mkono unaojua wakati wa kurudi motoni.

Msomaji wa Ilomba, Mbeya, ana bahati. Akishika barabara ya Tunduma, akapita Mbalizi hadi wilaya ya Mbozi, atakuta huko Ndolezi kimondo chenye urefu wa mita 3 hivi, kinachokadiriwa kuwa na tani 16: karibu asilimia 90 ni chuma, na nikeli ni asilimia 8 hivi. Ni malighafi ya jamii ileile. Walimu wa historia wa Mbeya na Songwe, wapelekeni wanafunzi wakakiguse kabla hamjawafundisha Misri ya kale.