Saa ya Mashine

Ukitoka Mjini Unguja kwenda Paje, ukishaupita msitu wa Jozani, unafika njia panda ya Kitogani. Karibu na hapo, nyuma ya ua wa makuti, fundi mmoja amezipanga mashine kuukuu za kufulia kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Nyingine hazina mlango, nyingine zimebaki maganda. Mara ya kwanza niliropoka kwamba hili ni jaa. Hakucheka.

"Hii ghala, mwalimu."

Ndani ya mashine ya mlango wa mbele mna jiwe la saruji, la kuizuia isitembee chumbani inapokamua. Mawe ya zilizokufa ndiyo viti vya wateja wake. Nilikalia moja huku akiifungua yangu, niliyoletewa na shangazi kutoka Muscat.

Anapenda za zamani, wala si kwa maringo. Mashine mpya akili yake yote imo kwenye bodi. Umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, bodi inaungua na mashine imekwisha. Ya zamani ina saa: kijimota kinazungusha magurudumu yenye meno polepole, na kila jino likifika mahali pake linabonyeza swichi, maji yanaingia, pipa linazunguka, pampu inatoa. Saa hiyo hufunguka. Anaisugua kwa msasa laini, kisha anaitegea sikio kama mtu anayechagua nazi sokoni. Waliokaa gizani karibu miezi 3, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, laini ya umeme wa kutoka Bara ilipoharibika, hawahitaji kuelezwa kwa nini anapenda za zamani.

Halafu maji. Unguja imekalia mawe ya chokaa, na maji ya kisima yakipashwa moto huacha gamba jeupe kwenye hita. Yeye huiloweka kwenye maji ya ndimu usiku kucha. Matangi nayo tunayaweka chini mno, maji yanaingia kwa unyonge. Basi huing'oa ile raba inayobana njia kwenye vali, au hukuamuru uongeze matofali chini ya tangi. Kaboni za mota yangu hazikupatikana dukani. Alichukua za drili, akazipiga tupa mpaka zikakaa.

Ya kukaushia anayo moja tu, na hapo tulibishana. Mimi nilisema jua na kusi vyatosha. Akaniuliza kama nimewahi kulala Jozani masika, maji yanapotuama msituni na shuka za wageni zikakaa siku tatu kambani hadi zikaota koga. Nikanyamaza.

Nikamgeuzia mazungumzo: huko Marekani, katika mji wa Eaton, Colorado, Lee Maxwell alikusanya mashine za kufulia zaidi ya 1,000, akazitengeneza na kuziweka watu wazitazame. Fundi aliacha tupa.

"Spea anauza?"