Ngozi ya Chuma: Kuyasoma Upya Mavazi ya Mwindo

Utendi wa Mwindo ulisimuliwa kwa Kinyanga na Candi Rureke katika Walikale mwaka 1956, ukachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Ndani yake shujaa hufika kwa wajomba zake wahunzi, ukoo wa Popo. Wao humfua, kisha humvika viatu, suruali, shati na kofia, vyote vya chuma.

Ni rahisi kuyachukua mavazi hayo kuwa alama ya kutoshindika. Usomaji huo una kasoro, kwani utendi wenyewe unaukanusha. Kuzimuni Muisa anampiga Mwindo kwa mkanda wake wa kauri, naye anazimia. Kinachomwinua ni conga, usinga wake, wala si chuma.

Kazi ya chuma yenyewe inafafanua jambo hili. Leo katika karakana chuma cha pua hukatwa kwa cheche za umeme zirukazo kutoka kwenye waya mwembamba usiokigusa, aghalabu ndani ya maji yaliyosafishwa. Kila cheche huyeyusha chembe ya chuma. Sehemu kubwa huchukuliwa na maji, lakini nyingine huganda papo hapo juu ya uso. Tabaka hilo huweza kuwa gumu kuliko chuma cha ndani, ila huvunjika upesi na hubeba nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Kifaa kinapopigwa au kukunjwa mara kwa mara, ufa huanzia hapo. Kwa hiyo fundi huurudisha waya kwa umeme hafifu zaidi, akiliondoa tabaka hilo kidogo kidogo.

Ugumu wa juu, basi, si uzima. Mwindo mwenye majivuno ni chuma kilichotoka motoni na nyufa zake. Baada ya kumwua joka, Nkuba, bwana wa radi, humpandisha mbinguni, ambako huteswa mwaka mzima kwa baridi, mvua na jua. Anarudi akiwa mtawala mwenye kiasi. Radi imeondoa kile ambacho mhunzi hakukiona.

Hoja hii si ya darasani tu. Tangu vita vya mwaka 1993 huko Walikale na Masisi, vijana wengi wameingia vitani wakiamini kwamba dawa huzuia risasi. Anayewafundisha utendi huu aishie kwenye mavazi ya chuma amewasimulia nusu yake, tena ile nusu inayoua.