Mlima, Mkono na Ardhi: Uhakiki wa Michoro ya Kale ya Potosí

Katika michoro ya kale ya Potosí, mji wa madini ya fedha uliotawaliwa na Wahispania katika nchi iitwayo leo Bolivia, fani huvutia kabla ya maudhui. Mchoro uliochapwa Seville mwaka 1553, katika kitabu cha Pedro Cieza de León, umeutukuza mlima, nao mji umekaa chini yake. Baadaye Theodor de Bry, ambaye hakufika Amerika kamwe, aliupasua mlima huo akatuonyesha wachimbaji walio uchi wakipanda ngazi. Huyu amepiga hatua: ameutambua mkono uzalishao mali. Hata hivyo, michoro yote miwili imelinyamazia suala la ardhi.

Msomaji wa Kakamega hawezi kulinyamazia. Dhahabu ilipatikana hapa mwaka 1931. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikairekebisha sheria yake ya ardhi ya mwaka 1930, ili shamba la Mwafrika liweze kutwaliwa kwa fidia ya pesa pasipo kutolewa ardhi nyingine badala yake. Tendo hilo lilitendwa kwa kalamu, wala mchoro wa machimbo hauwezi kulionyesha. Kwa hiyo mhakiki asitosheke na watu waliochorwa. Hana budi kuuliza shamba lilikuwa la nani kabla halijaitwa machimbo.