Rimoti inayokula betri: hesabu kwanza, bisibisi baadaye

Betri bapa ya CR2032, ile yenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, ikiwa mpya na halisi hubeba takriban miliampea-saa 220. Rimoti ya gari ikidumu nayo miaka miwili, yaani saa 17,520, imekuwa ikivuta wastani wa mikroampea 12 na nusu hivi. Ikiimaliza kwa siku 40, imevuta wastani wa mikroampea 229. Kabla ya kununua betri nyingine, na hasa kabla ya kukubali kuuziwa rimoti mpya na kulipia kuunganishwa kwake na gari, kuna swali moja la kujibu: hizo mikroampea 217 za ziada zinakwenda wapi?

Kesi ninayoichambua ni ya mwenzangu kazini hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, upande wa Chimwaga. Gari lake ni la Kijapani, la mtumba, lililoshuka bandari ya Dar es Salaam kama mengi yanayoegeshwa kuuzunguka ukumbi wa Chimwaga, ambao wengi waliujua kwa vikao vya CCM muda mrefu kabla chuo hakijaanzishwa mwaka 2007. Ni gari la kuwasha kwa kitufe. Rimoti inakaa mfukoni, unashika mpini wa mlango, mlango unafunguka wenyewe. Betri ya rimoti ilikuwa ikiisha kila mwezi mmoja na siku kadhaa, na kila fundi aliyeulizwa mjini alikuwa na jibu lake. Wa kwanza alisema betri feki. Wa pili alibadilisha kava, kwa kuwa vitufe vilikuwa vimelegea. Wa tatu alimaliza mjadala: “Bosi, hii imechoka, tukuagizie nyingine.”

Betri feki si tuhuma ya kupuuzwa, maana zipo, na kwa nje zinafanana kabisa na halisi. Ila hesabu inaikataa. Rimoti isiyo na kasoro ikivuta mikroampea zake 12 na nusu, ili betri iishe kwa siku 40 ingebidi iwe imebeba miliampea-saa 12 tu, yaani kama sehemu moja ya kumi na nane ya inavyopaswa kubeba. Betri duni hukupunguzia miezi. Ni nadra ikunyang'anye karibu miaka miwili yote. Zaidi ya hapo, ubovu wake hupimika. Kuipima volti ikiwa imekaa bure ni kujidanganya, kwa sababu hata iliyochoka husoma volti 3 ikiwa haina mzigo. Iunganishe na rezista ya ohm 300 kwa sekunde moja au mbili. Hapo inatoa miliampea 10 hivi, karibu sawa na kile rimoti inachovuta inaporusha mawimbi. Nzuri itabaki juu ya volti 2.7, dhaifu itaporomoka mbele ya macho yako. Betri mpya za mwenzangu zilisimama imara kwenye kipimo hicho. Zilizotolewa ndani ya rimoti zilikuwa zimekauka kweli. Kwa hiyo umeme ulikuwepo, na ulitumika.

Tuhuma ya kitufe kilichokwama ina kalenda yake pia. Rimoti ikirusha mawimbi mfululizo kwa miliampea 10, CR2032 inakwisha kwa saa 22, si kwa siku 40. Nyingi zimetengenezwa zikate kurusha baada ya muda mfupi hata kitufe kikiendelea kubanwa, lakini umeme kidogo huendelea kupita kwenye rezista inayokishikilia kitufe hicho. Rezista hiyo ikiwa ya kilo-ohm 100, kinachopita ni mikroampea 30, na betri ingedumu zaidi ya nusu mwaka. Ikiwa ya kilo-ohm 10, ni mikroampea 300, na hapo betri inakwisha kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo fundi wa kava hakuwa mbali sana na ukweli. Alichokosa ni kupima.

Na kupima kwenyewe si kazi ngumu, ila kuna mtego. Chukua kipande cha karatasi, kipenyeze kati ya betri na mguu wake mmoja wa chuma ndani ya rimoti, kisha gusa mguu huo kwa waya mmoja wa mita na uso wa betri kwa waya wa pili. Sasa umeme wote unaoingia kwenye rimoti unapita ndani ya mita. Mtego uko kwenye kuchagua kipimo. Mita za bei nafuu, zile za rangi ya njano zilizojaa kwenye meza za mafundi, zikiwekwa kwenye mikroampea 200 zinaweka ndani yake ukinzani wa kama kilo-ohm moja. Rimoti ikiamka ghafla na kutaka miliampea 10, haizipati, inazimika na kuanza upya, na wewe unasoma namba za uongo. Anza na miliampea 20, iache rimoti itulie, ndipo ushuke hatua kwa hatua.

Rimoti ya mwenzangu, ikiwa mezani ofisini Chimwaga na gari likiwa mbali kwenye maegesho, ilitulia kwenye mikroampea 9. Kwa rimoti ambayo muda wote inasikiliza kama gari linaiita, hiyo ni namba ya kawaida kabisa. Saketi haikuwa inavuja na vitufe havikuwa vimebanwa. Tuhuma nyingine, kwamba unyevu umeingia ndani ya rimoti, nayo ikaanguka hapo hapo. Sikuipa uzito mkubwa tangu mwanzo, kwa kuwa Dodoma ni kukavu na kutu ya chumvi ni balaa la pwani zaidi. Lakini gari la mtumba huja na historia usiyoijua, na rimoti iliyowahi kufuliwa pamoja na suruali haitangazi.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu kifaa kimepimwa, hakina kosa, na betri bado inakwisha. Kilichofungua kesi ni rimoti ya pili, ile ya akiba iliyokuwa kabatini chumba cha ndani. Ilikuwa na betri ya aina ile ile na haikuwahi kusumbua. Badala ya kushangilia kwamba moja ni nzima na nyingine ni mbovu, tukazibadilisha nafasi: ya kila siku ikaenda kabatini, ya akiba ikachukua kazi na makazi ya mwenzake. Zote mbili zilitiwa betri mpya siku moja. Iliyokuwa nzima ndiyo iliyokufa. Iliyoitwa mbovu ikadumu. Jaribio hili halihitaji mita wala bisibisi, linahitaji subira tu, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko vipimo vyote nilivyoeleza hapo juu, kwa sababu linatenganisha kosa la kifaa na kosa la mahali.

Mahali penyewe ni msumari wa kutundikia rimoti, nyuma ya mlango wa sebule. Upande wa pili wa ukuta, nafasi ya uani ikiwa finyu, gari huegeshwa ubavu ukitazama nyumba. Kutoka msumari hadi mpini wa mlango wa dereva ni kama mita moja, na katikati kuna tofali za saruji tu.

Ili gari lijue kwamba mwenye funguo amefika, antena zilizo kwenye mipini ya milango hutoa wimbi la masafa ya chini, kwenye kilohezi 125 au 134 hivi. Rimoti ikilisikia inaamka, kisha inajibu kwa masafa ya juu. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hujibu kati ya megahezi 312 na 315. Wimbi la kuita ni la usumaku wa karibu, na ukuta wa tofali haulizuii. Ili mlango ufunguke papo hapo mkono unapogusa mpini, gari lazima liwe limeshaulizia kabla ya mkono kufika, hivyo likiwa limefungwa huendelea kuita usiku kucha. Rimoti iliyo msumarini inaitika kila mara. Tuseme kila mwito unaiamsha kwa milisekunde 40 kwa miliampea 10, na mwito unakuja kila baada ya sekunde mbili: wastani wake ni mikroampea 200. Ongeza 9 za usingizini na umeikaribia ile 229 tuliyoanza nayo. Namba za mwito ni za makadirio, lakini ukubwa wake unalingana na kilichotokea. Mita ilipounganishwa tena rimoti ikiwa pale pale nyuma ya mlango, ikisomwa kwenye miliampea 20, tarakimu zilirukaruka bila kukoma. Rimoti iliposogezwa hadi jikoni, zikatulia.

Watengenezaji wanalijua jambo hili. Vitabu vya maelekezo vya Toyota huonya kwamba rimoti inayopokea mawimbi mazito muda wote humaliza betri mapema, na hutaja televisheni, kompyuta, simu, chaja na majiko ya induksheni. Baadhi ya magari yao mapya hujizuia yenyewe kuita yakigundua rimoti imeachwa ndani ya mita mbili kwa dakika kumi au zaidi. Rimoti nyingi za karibuni zina hali ya kuokoa betri: shikilia kitufe cha kufunga, bonyeza cha kufungua mara mbili, kitaa kikiwaka mara nne rimoti imeacha kusikiliza, na kitufe chochote kikibonyezwa huirudisha. Shida ni kwamba kitabu cha gari la mtumba, kikiwepo, kimeandikwa Kijapani.

Tiba ilikuwa kuhamisha msumari. Nguvu ya wimbi lile la karibu hupungua kwa mchemraba wa umbali: ukitoka mita moja hadi mita tatu, inabaki sehemu moja ya ishirini na saba. Huna haja ya kuipeleka rimoti nyumba ya pili. Asiye na chumba cha mbali na gari atumie kopo la chuma lenye mfuniko unaobana, la kahawa au maziwa ya unga. Kopo lina faida nyingine pia, maana wezi wa Ulaya hutumia vifaa vya kurefusha mwito huo huo kutoka kwenye gari hadi rimoti iliyo ndani ya nyumba. Mwaka 2016 ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, kilijaribu mbinu hiyo kwenye magari ya chapa mbalimbali na kuyafungua.

Kwa wenye magari ambayo mipini yake ina kitufe kidogo cheusi cha kubonyeza, kama Nissan nyingi, maelezo haya ya ukuta hayawahusu sana. Gari la namna hiyo huita pale tu kitufe kinapobonyezwa. Kwao mtuhumiwa wa kwanza abaki kuwa vitufe vya rimoti na saketi yake, na kipimo cha karatasi ndicho pa kuanzia.

Na ikitokea betri imekufa njiani, tuseme Manyoni jua la saa nane, gari bado linawaka. Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma wa kufungulia mlango. Kisha kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, na kwa Toyota ni ule upande wenye nembo, subiri mlio, bonyeza. Chipu ya utambulisho iliyomo ndani huchota umeme wake kwenye gari lenyewe, haitegemei betri hata kidogo.